Sura ya Nne: Breki za Paja

Lori la kabichi linalotoka Lushoto kwenda Dar es Salaam haliogopi kupanda. Linaogopa kushuka. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo, barabara kuu inakopita, iko kwenye mita 400 na ushee. Katikati ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku na korongo kule, hadi Soni na kuendelea. Dereva mzoefu hangoji mteremko umzidi nguvu. Anaingiza gia nzito angali juu, injini inanguruma kwa kuzuia badala ya kusukuma, na breki ya mguu anaigusa kwa kiasi. Mgeni wa njia hukanyaga breki mwanzo hadi mwisho, akafika Mombo na harufu ya kuungua.

Naanza na lori kwa sababu sura hii ni ya kuchuchumaa, na karibu kila anayefundisha zoezi hilo huanza na kuinuka. Kaza, sukuma sakafu, panda, moja! Kushuka hakuhesabiwi; ni kama njia tu ya kukufikisha mahali pa kuanzia kazi. Mimi nami niliamini hivyo mpaka nilipokwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara.

Siku yangu ya pili Lushoto niliteremka kwa miguu kutoka jabali la Irente hadi Mazinde, huko chini kwenye tambarare. Ni kushuka karibu mita 1,000. Pumzi haikunisumbua hata kidogo. Kijana aliyeniongoza alikuwa na maneno mengi, nami nilimjibu njia nzima bila kuhema, nikajiona mkakamavu. Tulirudi kwa gari. Nilikula ugali na maharage, nikalala.

Asubuhi nikaenda chooni. Choo cha nyumba niliyofikia kilikuwa cha shimo, kimesakafiwa, safi, na tundu lake linamtaka mtu achuchumae kama Mungu alivyokusudia. Nilikunja magoti nusu. Mapaja yakagoma. Hayakuuma tu, yaliachia; yalikuwa kama kamba inayoponyoka mikononi. Nilishika ukuta kwa mikono miwili, nikabaki katikati, sishuki wala sipandi. Nilipotoka, mama mwenye nyumba alikuwa akimenya viazi mlangoni mwa jiko, ameketi juu ya visigino vyake, wayo mzima chini, kisu mkononi. Alinitazama ninavyotembea, hakuuliza kitu. Akaingia ndani akatoka na kigoda. "Kaa hapa mwanangu," akasema. "Jana ulishuka Irente, eeh?"

Ilikuwaje mlima wa kushuka, ambao haukuniongezea hata pumzi mbili, uniharibu mapaja kuliko mlima wowote niliowahi kupanda?

Jibu linaanza na jambo moja ambalo watu wengi hawajawahi kulifikiria: msuli haujui kusukuma. Unajua kuvuta tu. Kila unaposukuma mlango, kuna msuli mahali fulani unaovuta mfupa. Lakini kuvuta kuna namna zake. Msuli unaweza kuvuta huku ukifupika, kama unapoinuka. Unaweza kuvuta ukabaki na urefu ule ule, kama unapoganda katikati, kama mimi chooni. Na unaweza kuvuta huku unarefushwa kwa nguvu iliyouzidi. Fikiria mtu anayeshusha ndoo kisimani: mikono yake inavuta kamba, na bado kamba inakwenda zake. Akiacha kuvuta, ndoo inaanguka. Hiyo ndiyo kazi ya paja unapochuchumaa. Uzito wa mwili ndio unaoshuka. Wewe unashusha kamba.

Kwa upande wa viungo, kuchuchumaa ni kukunja vitatu kwa pamoja: nyonga, goti na kifundo cha mguu. Sharti ni moja, uzito wako usitoke juu ya nyayo. Makalio yakirudi nyuma, lazima kitu kije mbele kusawazisha, ama kifua ama magoti. Ukikataa vyote viwili utakaa chini bila kupenda. Msuli mkubwa wa kalio, ambao ndio mkubwa kuliko yote mwilini, unazuia nyonga isikunjike ghafla, ukisaidiwa na misuli ya ndani ya paja. Misuli ya shavu la mguu inazuia muundi usianguke mbele. Goti lina msuli wa mbele ya paja, kwadrisepsi, wenye vichwa vinne: vitatu vimeota kwenye fupa la paja lenyewe na kimoja kimetoka juu kwenye mfupa wa nyonga. Vyote vinne vinaishia kwenye kano moja, kano linaikumbatia pia ya goti, kisha linashuka kujishika mbele ya muundi.

Ni kiasi gani cha nguvu? Hebu tupige hesabu ya sokoni. Chukua mtu wa kilo 60. Sehemu yake iliyo juu ya magoti ina kilo 50 hivi, kwa hiyo kila goti lina kilo 25 za kushughulikia. Paja likifika usawa wa kulala, mstari wa uzito huo unaweza kupita sentimita 20 nyuma ya goti. Kano la goti linavuta kwa wenzo wa sentimita 4 tu, yaani umbali kutoka kano hadi katikati ya kiungo. Zidisha 25 kwa 20, gawanya kwa 4. Unapata 125. Kila paja linavuta kwa nguvu inayotosha kuning'iniza kilo 125, na mtu mwenyewe hana kilo zaidi ya 60. Mtwike kichwani mzigo wa viazi wa kilo 20, kila goti linaongezewa 10, na hesabu inaruka hadi 175.

Hapo ndipo pia ya goti inapostahili heshima. Ni kigingi kinachoinua kamba. Isingekuwepo, kano lingelala karibu zaidi na kiungo, wenzo ungepungua, na msuli ungelazimika kuvuta zaidi kwa kazi ile ile. Mtoto mchanga anazaliwa nayo ikiwa gegedu tupu. Huanza kuwa mfupa akiwa na miaka mitatu hivi au zaidi, wakati tayari amekwisha chuchumaa mara elfu akichezea udongo.

Sasa turudi kwenye maumivu yangu. Mwaka 1952 huko Uingereza, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie walichukua baiskeli mbili, wakazifunga mahali pamoja zikipeana mgongo, wakaziunganisha kwa mnyororo mmoja. Mmoja akipiga pedali mbele, pedali za mwenzake zinazunguka kinyumenyume, na kazi ya huyo wa pili ni kuzizuia. Nguvu miguuni ni ile ile kwa wote wawili, kwa kuwa mnyororo ni mmoja. Walipopima hewa iliyotumika, anayezuia alikuwa akitumia oksijeni kidogo mara kadhaa kuliko anayesukuma. Walipoionyesha mashine hiyo mbele ya wanasayansi wenzao London, mwanamke mwenye umbo dogo aliketi upande wa kuzuia na mwanamume mkubwa upande wa kusukuma. Mwanamume ndiye aliyechoka.

Basi kushuka ni rahisi kwa mapafu. Nyuzi za msuli ndizo zinazolipa. Msuli unaorefushwa huku umekaza unatumia nyuzi chache kushika uzito mkubwa, na ndani ya kila uzi kuna vipande vidogo vidogo vilivyopangwa kama shanga. Vile dhaifu vinavutwa kupita kiasi, vingine vinachanika. Husikii kitu wakati huo. Mwili unaanza kufanya usafi na matengenezo saa nyingi baadaye, sehemu inavimba kidogo, na maumivu yanafika kilele siku ya pili au ya tatu. Vijana wa gym watakwambia ni asidi ya laktiki. Si kweli: hiyo huondoka kwenye misuli katika muda wa saa moja hivi, kabla hata hujamaliza kuoga.

Kutoka Irente hadi Mazinde niliweka mguu chini maelfu ya mara, na kila hatua ilikuwa robo ya kuchuchumaa kwa mguu mmoja. Nilikanyaga breki mlima mzima.

Nikiwa bado Lushoto, gulio lilinipa somo la pili. Nilikaa ukingoni mwa njia, kwenye kigoda kile kile, nikitazama wanawake wanavyoingia na mizigo. Ukitaka kumjua mtu anayefahamu viungo vyake usimtazame akitembea na mzigo. Mtazame anapojitwika na anapoutua.

Mmoja alikuwa na tenga la karoti. Mwenzake hakuwa karibu wa kumtwika. Hakuinama kulinyanyua kutoka chini. Alilikokota hadi kwenye ukingo wa tuta, mahali ambapo ardhi ya juu inafika usawa wa mabega yake, akaliweka pale. Kisha akashuka hatua moja chini, akaupa mlima mgongo, akakunja magoti kidogo tu, kata ya kanga tayari kichwani, akaliingia tenga kwa chini. Akavuta pumzi akaibana. Akasimama.

Ningeweza kuandika kurasa tatu juu ya zile sekunde nne. Kwanza ule ukingo. Ugumu wa kuchuchumaa hauongezeki sawasawa unavyoshuka. Unapanda haraka goti linapokwenda mbali na mstari wa uzito, na yeye aliikata ile sehemu ngumu yote kwa kutumia tuta. Matuta ya Usambara yana historia chungu. Wakoloni Waingereza walianza mpango wao bonde la Mlalo mwaka 1946, wakaja kuwalazimisha watu kuyachimba, na watu wakakataa. Sikuwahi kusoma popote kwamba tuta ni kifaa cha kujitwikia. Lakini ni hivyo.

Pili, aliupa mlima mgongo. Akitazama bondeni, visigino vyake viko juu kidogo kuliko vidole, na hilo linapunguza kazi ya kifundo. Kwenye gym watu huweka sahani za chuma chini ya visigino kupata kitu hicho hicho.

Tatu, pumzi. Alipoibana, kiwambo kilishuka, misuli ya tumbo ikakaza, na tumbo zima likawa kama mpira uliojazwa upepo mbele ya uti wa mgongo. Pingili zikapata wa kuzisaidia.

Nne ni mzigo wenyewe ulipokaa. Mtu anayebeba chuma mabegani anaweza kuinamisha kifua mbele na kuzihamishia nyonga sehemu ya kazi. Mwenye tenga kichwani hana ruhusa hiyo; akiinama, karoti zote ziko barabarani. Lazima kiwiliwili kisimame wima, magoti yaende mbele, muundi uiname, na kwadrisepsi ichukue sehemu kubwa. Ndiyo maana wanaobeba kichwani huwa hawashuki chini sana na mzigo. Wanaume wawili waliokuwa wakipandisha lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) ya viazi kwenye lori pale pale walifanya kinyume: waliinama, waliikumbatia, wakavuta kwa mgongo. Mmoja alibaki ameshika kiuno kwa muda.

Hapo juu nimeiruka misuli ya nyuma ya paja, na msomaji makini atakuwa ameniwekea alama. Misuli hiyo inavuka viungo viwili. Juu inanyoosha nyonga, chini inakunja goti. Unapoinuka unataka nyonga inyooke na goti linyooke. Kwa nini basi inakaza, ikiwa nusu ya kazi yake ni kukupinga? Mmarekani Warren Lombard aliandika juu ya swali hili mwaka 1903, na mpaka leo fumbo lina jina lake. Siri iko kwenye wenzo. Kwenye nyonga misuli hiyo inavuta kutoka mbali na kiungo, kwenye goti inavuta kutoka karibu. Faida ya juu inaizidi hasara ya chini. Kichwa kile cha kwadrisepsi kinachotoka kwenye nyonga kina tabia hiyo hiyo kwa upande wa pili: kinapoteza kidogo juu, kinapata zaidi gotini. Ni kuvutana kamba ambako pande zote mbili zinasogea kunakotakiwa.

Na goti lenyewe si bawaba ya mlango. Vichwa vya fupa la paja ni mviringo na vimekaa juu ya muundi ulio karibu bapa. Vingeviringika tu, kabla hujafika chini paja lingekuwa limedondoka nyuma ya muundi. Vingeteleza tu, sehemu moja ya gegedu ingesagika. Kinachotokea ni vyote viwili, kama tairi la lori kwenye udongo mwekundu wa Lushoto wakati wa masika: linazunguka na linaserereka papo hapo. Kano mbili zilizopishana ndani ya goti zinaliongoza, na vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vinarudi nyuma pamoja na mfupa ili uzito usikae kwenye nukta moja. Ukisimama wima kabisa, fupa la paja linajizungusha ndani kidogo juu ya muundi na goti linajifunga kama mlango uliotiwa komeo. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye foleni bila kuchosha mapaja. Unapoanza kuchuchumaa, msuli mdogo nyuma ya goti unalifungua komeo hilo kwanza. Hakuna anayeusifia.

Kuhusu kifundo nitasema kifupi, ingawa ndicho kinachowashinda watu wa mjini. Ili uketi juu ya visigino, wayo mzima ukiwa chini, muundi unapaswa kuinama mbele sana. Aliyezoea kiti tangu darasa la kwanza hukuta kisigino kinanyanyuka. Mfupa huyakumbuka mazoea hayo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanaanatomia Arthur Thomson na Havelock Charles, huyu wa pili akichunguza mifupa ya Wapunjabi, walieleza alama ndogo laini mbele ya kifundo, mahali muundi unapogusana na mfupa ulio chini yake kwa watu wanaochuchumaa maisha yao yote. Nadhani mama mwenye nyumba anazo.

Watu wengine wameogopeshwa kwamba kuchuchumaa hadi chini kunaharibu magoti. Hofu hiyo ina mwanzo wake: mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alisema kuchuchumaa kwa kina kunalegeza kano, na walimu wa michezo wakaibeba habari hiyo duniani kote. Waliopima tena baadaye hawakuona ulegevu huo kwa magoti mazima. Goti lililokwisha kuumia ni habari nyingine. Huku Tanzania tuna ushahidi wa aina yake. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, walitoa utafiti juu ya Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi. Wahadza nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa ofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu inabaki kazini kidogo kidogo, kuliko ya mtu aliye kitini.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akidhani mkao huu hauna madhara. Kukaa hivyo kwa saa nyingi bila kubadilisha kunabana mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje chini ya goti. Vitabu vya tiba vimeliita tatizo hilo kwa jina la wachuma stroberi, ambao huinuka na sehemu ya mbele ya wayo hainyanyuki. Na kuna kichura, ile adhabu ya kuruka ukiwa umechuchumaa. Nilirushwa kichura shuleni, kama wengi wenu, mizunguko ya uwanja, mikono masikioni. Sasa unajua kinachofanyika: kila kutua ni breki kali kwenye msuli usiozoea, mamia ya mara, juani, bila maji. Ikizidi, nyuzi zinapasuka kwa wingi, vilivyomo ndani vinamwagika kwenye damu na kuziba figo. Mkojo ukitoka rangi ya kahawa siku hiyo au kesho yake, ni hospitali, si kupumzika. Mwalimu anayetoa adhabu hiyo pengine hajui. Basi ajue.

Wiki mbili baadaye nilirudi Lushoto kwa shughuli nyingine, nikashuka Irente tena kwa njia ile ile. Safari hii nilifupisha hatua, nikakunja magoti kidogo zaidi, nikamfuata kijana alivyokuwa akikata mteremko kwa mshazari badala ya kuukabili. Lakini sidhani ni ujanja wangu tu ulionisaidia. Msuli ulioumia mara moja kwa kazi ya kushuka hujijenga upya kwa namna inayoukinga kwa wiki kadhaa. Kushuka kwa pili, hata kukiwa kule kule, hakuumi kama kwa kwanza. Watafiti wamelipima jambo hilo mara nyingi.

Asubuhi nilikwenda chooni, nikatoka. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, safari hii na bakuli la maharage ya kuchambua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilichuchumaa kando yake, visigino vikanyanyuka kidogo, nikachota maharage kiganjani nianze kutoa mawe. Alitazama visigino vyangu, akacheka.

"Leo hutaki kigoda?"